Jaribio Lililokataa Nalo ni Matokeo: Mbeya na Tafiti Zinazoitwa Hasara

Novemba 2023 utafiti wa PrEPVacc ulisitisha kuchoma chanjo mbili za majaribio dhidi ya Virusi vya Ukimwi. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilikuwa imeona kwamba uwezekano wa chanjo hizo kuonyesha kinga ni mdogo mno, au haupo kabisa. Watu zaidi ya 1,500 walikuwa wamejitolea, wote wa miaka 18 hadi 40, kutoka Mbeya, Dar es Salaam, Masaka nchini Uganda na Durban, Afrika Kusini. Ukiutaja utafiti huo leo Mwanjelwa au Uyole, swali la kwanza ni lilelile: sasa wale waliochomwa wamepata nini? Wengine hawaulizi, wanahukumu kabisa: wageni wamefanya majaribio yao kwa watoto wetu, imeshindikana, wamefunga virago.

Hasira hiyo ina sababu zake na nitazifikia. Kinachonisumbua ni kwamba tumezoea kupima utafiti wa tiba kwa jambo moja tu, kama dawa imefanya kazi au haikufanya. Kwa kipimo hicho Mbeya imepoteza mara nyingi. Lakini kuna kipimo kingine, nacho ni idadi ya wagonjwa duniani walioepushwa na tiba ambayo ingewadhuru huku ikionekana nzuri. Hapo Mbeya ina jambo kubwa la kujivunia, na karibu hakuna anayelisema.

Chukua kifua kikuu. Familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini zinaifahamu dozi ya miezi sita: miezi miwili ya dawa nne, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi. Mwezi wa pili ukiisha mgonjwa amerudisha mwili, kikohozi kimekata, shamba linamwita. Ndipo anapoanza kuruka siku, na baadaye kuacha. Kwa hiyo ndoto ya dozi ya miezi minne si ya maprofesa peke yao. Ni ya mkulima wa Mbozi anayepoteza kutwa nzima kufuata dawa, na ya muuguzi anayelazimika kumpigia simu mgonjwa aliyepotea.

Utafiti wa REMoxTB ulikusudia kuitimiza ndoto hiyo. Uliwaandikisha wagonjwa 1,931 barani Afrika, Asia na nchini Mexico, na kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilikuwa kimojawapo. Wagonjwa waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata dozi ya kawaida. Katika makundi mengine mawili dawa iitwayo moksifloksasini iliingia, moja mahali pa isoniazidi, lingine mahali pa ethambutoli, nayo ni mojawapo ya zile dawa nne, na tiba halisi ikaisha mwezi wa nne. Miezi miwili iliyobaki walimeza vidonge visivyo na dawa, ili yeyote, mgonjwa au daktari, asijue nani yuko kundi gani.

Matumaini yalikuwa makubwa kwa sababu nzuri. Kwenye panya wa maabara moksifloksasini ilikuwa imeua vimelea kwa kasi. Na kwa wiki za mwanzo binadamu nao walifuata njia hiyohiyo, kwani makohozi ya waliopewa dawa mpya yalisafika mapema kuliko ya wenzao. Kama utafiti ungeishia mwezi wa pili, magazeti yangeandika kwamba dozi fupi imepatikana. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwafuatilia wagonjwa hadi miezi 18 tangu waanze tiba, na ugonjwa ukaanza kurudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine. Kati ya waliofuata utaratibu wa tiba, asilimia 92 ya kundi la dozi ya kawaida walikuwa na matokeo mazuri. Kwa waliopewa moksifloksasini badala ya ethambutoli ilikuwa asilimia 85. Kwa kundi la tatu, asilimia 80.

Nimezigeuza namba hizi tatu mara nyingi, na naomba msomaji akae nazo kidogo. Asilimia 80 inasikika vizuri. Mwanafunzi akipata 80 tunachinja kuku. Lakini kati ya 92 na 80 kuna watu 12 katika kila 100 ambao wangepona kwa dozi ya zamani. Kwa wagonjwa 1,000 ni 120. Hao ni watu ambao wangeambiwa wamepona, wangerudi nyumbani kulala chumba kimoja na watoto, na baada ya miezi kadhaa wangeanza tena kukohoa. Watafiti walikuwa wametangaza tangu mwanzo kwamba dozi fupi ingekubalika tu kama upungufu wake hauvuki asilimia sita. Upungufu ukavuka, nao wakasema hivyo waziwazi. Mwaka huohuo tafiti nyingine mbili za dozi ya miezi minne, OFLOTUB na RIFAQUIN, zilitoa jibu lilelile la hapana.

Sasa mfikirie daktari wa mwaka 2010 aliyezijua habari za panya na kuona makohozi yamesafika mapema. Dawa ipo sokoni, mgonjwa anaomba afupishiwe, kila ishara inasema ndiyo. Kilichomzuia daktari huyo na wenzake duniani kote ni wagonjwa waliokubali kutojua wamepewa nini, wakiwamo wa Mbeya. Walitoa makohozi miezi 18. Baadhi yao ugonjwa ukawarudia, wakatibiwa upya. Siwezi kuiita hasara.

Tena jibu la hapana halikufunga mlango. Mwaka 2021, katika jarida lilelile, ulichapishwa utafiti wa watu 2,516 katika nchi 13, ambamo moksifloksasini iliwekwa pamoja na rifapentini, dawa yenye undugu na rifampisini lakini inayokaa mwilini muda mrefu zaidi. Safari hii miezi minne ilitosha. Wasiofanikiwa walikuwa asilimia 15.5 dhidi ya 14.6 ya dozi ya kawaida, na Shirika la Afya Duniani likaikubali. Tafiti za 2014 zilikuwa zimeonyesha kwamba moksifloksasini peke yake haifupishi tiba hata ikisafisha makohozi mapema, kwa hiyo nguvu ikaelekezwa kwenye kuimarisha dawa ya jamii ya rifampisini. Mbeya ilichangia upande huo pia. Katika utafiti wa wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika Kusini, rifampisini ilipandishwa kutoka miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito hadi 35, na muda wa kati wa makohozi kusafika ukashuka kutoka siku 62 hadi 48. Katika utafiti huohuo makundi mawili yaliyopewa dawa mpya ya SQ109 yalisimamishwa njiani kwa kuwa hayakuonyesha nafuu ya kutosha. Wachache wanalikumbuka hilo la SQ109, ingawa liliwaepusha wagonjwa wengine kuendelea kumeza dawa isiyowaongezea kitu.

Mkulima wa Uyole analielewa jambo hili kuliko wengi wanaoliandika. Kwenye shamba la majaribio la TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, mbegu ikikataa, haanzi kulaumu ardhi. Anakwenda kumwambia jirani asiipande.

Shida ya sayansi duniani ni kwamba mara nyingi jirani haambiwi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walikagua tafiti 74 za dawa za sonona zilizosajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo. Thelathini na nane zilikuwa na matokeo mazuri, na 37 kati yake zilichapishwa. Katika 36 zilizobaki, 22 hazikuchapishwa kabisa, 11 zilichapishwa zikiwa zimepambwa zionekane nzuri, na tatu tu zilisema ukweli wake. Kwa hiyo daktari aliyesoma majarida kwa bidii yote alikuwa akisoma picha iliyochujwa. Uchumi nao umewahi kuonja hali hii. Mwaka 2015 tafiti sita za mikopo midogo, kutoka Ethiopia, India, Morocco, Mexico, Mongolia na Bosnia, ziliwekwa pamoja, na faida ikaonekana ya kiasi tu, hakuna kugeuza maisha. Kwa mkoa uliojaa vikundi vya VICOBA na mawakala wa mikopo kila kona ya soko, ni habari ya kusomwa kwa makini, lakini haina mvuto wa kutangazwa.

Turudi kwenye chanjo. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini kuwa asilimia 4.4. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Chanjo ya VVU ikipimwa mahali pasipo na maambukizi mapya haiwezi kujulikana kama inakinga, kwa hiyo wanaosema tumechaguliwa kwa sababu ya udhaifu wetu wanakosea kidogo. Tumechaguliwa kwa sababu sisi ndio tunaoihitaji. Mwaka 2009 utafiti wa Thailand ulitoa kinga ya asilimia 31 kwa watu zaidi ya 16,000, dunia ikashangilia. Chanjo ya aina hiyo ilipopimwa Afrika Kusini kwa watu zaidi ya 5,400, mwaka 2020 ikasimamishwa: maambukizi 129 kwa waliochanjwa, 123 kwa wasiochanjwa. PrEPVacc ilikuja kuuliza swali hilohilo kwa mchanganyiko tofauti, chini ya uongozi wa wanasayansi wa Afrika, na ikapata jibu. Chanjo za aina hii, zinazotegemea kingamwili zisizoweza kuzuia aina nyingi za kirusi, hazitoshi. Pesa na miaka vielekezwe kwingine. Na kwingine kupo, kwa maana mwaka 2024 sindano ya lenakapavir, ambayo ni dawa ya kinga na si chanjo, ilitangazwa kwamba kati ya wanawake 2,134 walioipata Afrika Kusini na Uganda hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Upande wa pili una hoja, na hoja yenye uzito zaidi si ile ya kunyonywa damu. Uvumi wa mumiani ni wa zamani kuliko hospitali zetu nyingi, na kanuni za leo, kuanzia kibali cha kamati ya maadili ya taifa hadi kile cha mamlaka ya dawa, TMDA, zinabana kuliko watu wanavyodhani. Hoja yenye uzito ni ya nani anafaidi na lini. Dozi ya miezi minne ilikubalika mwaka 2021, lakini wagonjwa wengi nchini bado wanameza ya miezi sita, kwa sababu rifapentini ni ghali na haipatikani kwa wingi. Aliyetoa makohozi yake ili dunia ijifunze anaweza kuuguliwa na ndugu yake leo na asiipate dawa iliyotokana na somo hilo. Kwa hilo sina utetezi. Mfadhili naye ndiye mwenye fungu, na mwenye fungu huchagua swali. VVU na kifua kikuu vinastahili kila shilingi, ila mama wa Rungwe mwenye presha ana haki ya kuuliza zamu yake ni lini.

Ipo na hoja ya tatu, ninayoiona kuwa chanzo cha hasira yote. Matokeo hayarudi kwa Kiswahili. Namba za 92, 85 na 80 zilichapishwa Boston, kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mtu aliyekuwa miongoni mwa wale wa asilimia 80, aliyetibiwa mara mbili, anastahili kukaa kwenye kiti na kuelezwa kwamba kuugua kwake tena ndiko kulikoionyesha dunia kwamba dozi hiyo haifai. Asipoelezwa, jirani yake atamweleza kwamba alitumiwa, naye hatakuwa na la kumjibu. Wanaolalamika vijiweni wanapewa nusu ya habari, kisha tunawashangaa kwa kufikia hukumu ya nusu.

Ndiyo maana siafiki pendekezo linalosikika kila utafiti unaposimamishwa, kwamba vibali vipunguzwe na majaribio yapelekwe kwingine. Yakipelekwa kwingine, swali la kama dawa fulani inafaa kwa mwili wa mtu wa Mbeya, anayeishi na VVU na kifua kikuu kwa pamoja, mwenye lishe ya hapa, litajibiwa kwa kubahatisha. Ninachoafiki ni masharti magumu zaidi kwenye kibali. Mfadhili aeleze kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa ni kwa njia gani dawa ikifaulu itaifikia hospitali ya wilaya, na kwa bei ipi. Jaribio likikataa, lichapishwe ndani ya muda uliotajwa, bila kupambwa. Na utafiti usihesabiwe kuwa umefungwa hadi walioshiriki wawe wamesomewa muhtasari wa Kiswahili ana kwa ana, gharama yake ikiwa kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na nauli ya kuwafuata waliohamia Chunya kwenye dhahabu au Tunduma kwenye biashara ya mpakani.