Rafting ya Jinja na stima ya Kisumu

Kila likizo ndefu utaona vijana wa Kisumu wamechanga pesa, wamepanda matatu hadi Busia, wamevuka na kitambulisho tu, jioni wako Jinja, mji wa Uganda kando ya Nile, wakingojea rafting kesho yake, yaani kuteremka maporomoko kwa boti ya mpira. Wakirudi ubishi ni uleule, kwamba mabwawa yamemeza maporomoko ya Nile, na wengine wanawajibu wacheni Waganda wajenge, stima ni maisha, boti za mpira ni raha ya wenye pesa.

Hao wa stima wana hoja nzito, na sisi Wakenya huwa tunajitoa kwenye hesabu. Umeme wa Uganda umekuja upande huu kupitia Tororo tangu enzi za Owen Falls, bwawa lililofunguliwa 1954, kwa hivyo mama wa saluni hapa Kondele na mwenye posho mill kule Bumala nao wako ndani ya hii stori. Bwawa la Bujagali, karibu na Jinja, lilipoanza 2012 na megawati zake 250, Uganda ilikuwa imechoka na giza na jenereta za dizeli. Maporomoko ya Bujagali yakazama, pamoja na mahali Wasoga, wenyeji wa hapo, walipaheshimu kama makao ya roho zao. Inauma, lakini mimi naelewa.

Sasa angalia kilichobaki. Pale Itanda, maporomoko mengine ya Nile chini ya Bujagali, maji ni ya daraja la 6, la hatari kuliko yote, sehemu mbaya kabisa boti ya abiria haipiti, mnashuka, vijana wa kijiji wanaibeba kichwani nchi kavu katikati ya miti, mnaingia tena chini yake na kiongozi amekaa nyuma anawapigia kelele "kasia mbele!" na wimbi linawafunika wote. Hao wabebaji wanalipwa, wapishi wa kambi wanalipwa, bodaboda na muuza rolex, ile chapati ya mayai, pia. Ni kweli faida kubwa inaenda kwa wenye kampuni, lakini bwawa nalo likiisha kujengwa vibarua wanarudi nyumbani, wanabaki mafundi wachache.

Kinachonikasirisha ni bwawa la Isimba, chini zaidi kwenye mto huohuo. Mwaka wa 2007 Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba Kalagala, jirani ya Itanda, maporomoko yake na misitu ya kando, italindwa kama fidia ya Bujagali. Halafu 2019 Isimba ikazinduliwa, megawati 183, na maji yake yakarudi nyuma yakafunika sehemu ya eneo lilelile. Hapo sio kuchagua kati ya stima na mchezo tena, hapo ni kulipa deni halafu unachukua ile pesa tena mfukoni mwa uliyemlipa.

Na kusema hakukuwa na njia nyingine kunazidi kuwa kugumu. Bwawa la Karuma, mbali huko kaskazini, lilizinduliwa 2024 na megawati 600, peke yake linazidi Bujagali na Isimba zikijumlishwa, kwa hivyo mtu akileta hoja ya stima ili Itanda nayo izamishwe, mimi sitamkubalia.