Boti za Sahare na Deep Sea: msiniletee p peke yake

Hivi kwa nini wanafunzi wetu wa huku Tanga wakishaona data zao za samaki zimekaa ovyo wanakimbilia testi ya Mann-Whitney, ile ya kulinganisha makundi mawili kwa nafasi za namba badala ya namba zenyewe, wanabonyeza, wanakopi p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kwa bahati tu, kama makundi kwa kweli hayatofautiani) kwenye ripoti, basi kazi imeisha? Testi yenyewe naipenda sana, ila p peke yake haimwambii mvuvi wa Sahare kitu chochote.

Tuchukue mfano wa kutunga wa mialo yetu miwili ya samaki, Sahare na Deep Sea. Boti nne za Sahare zimerudi na kilo 4, 7, 9 na 12, nne za Deep Sea zimerudi na kilo 6, 10, 15 na 80, hiyo ya 80 siku hiyo imekutana na kundi la vibua. Ukipiga wastani Sahare ni 8, Deep Sea karibu 28, mtu atakwambia Deep Sea wanavua zaidi ya mara tatu kumbe ni boti moja tu ndo imewabeba wenzie. Sasa zipange zote nane kuanzia ndogo, uzipe nafasi ya 1 mpaka ya 8, ile 80 inakuwa ya nane tu, na hata ingekuwa 800 ingebaki hapohapo kwenye nane. Wazo hili alilitoa mkemia Frank Wilcoxon mwaka 1945, Mann na Whitney wakaliendeleza 1947.

Utamu uko hapa sasa: kutanisha kila boti ya Sahare na kila boti ya Deep Sea, unapata mechi 16, Deep Sea wanashinda 12 na Sahare 4. Hizo 12 na 4 ndo U zenyewe, namba ambayo testi hii inaihesabu! Gawa 12 kwa 16, yaani ukiokota boti moja huku na moja kule, ya Deep Sea inaongoza mara tatu kati ya nne, na hiyo ndo sentensi ninayoitaka kwenye ripoti. Kwenye R, ile programu ya takwimu, ukiandika wilcox.test ukaanza na Sahare inakuletea W = 4 (U yetu ndo inaitwa W huko), ukianza na Deep Sea inaleta 12, watu wanapaniki, wala hakuna kilichoharibika, p ni ileile 0.34.

Na p hiyo isikufanye useme hakuna tofauti, boti nne nne ni chache mno. Ukiwa na tatu tatu ndo kabisa, hata upande mmoja ushinde mechi zote tisa p haishuki chini ya 0.1, sasa unamwambiaje mwanafunzi atafute p iliyo chini ya 0.05, ule mpaka uliozoeleka?

Halafu jamani tuache kuandika kwamba inalinganisha mediani, yaani namba ya katikati ya kila kundi, hiyo inakubalika pale tu makundi mawili yana umbo moja na moja limesogea pembeni, data za samaki mara nyingi haziko hivyo.

Kama boti ni zilezile, kabla na baada ya kubadilisha nyavu, hapo si Mann-Whitney tena, ni Wilcoxon ya jozi, unaongeza paired = TRUE, na hakikisha boti zimefuatana vilevile pande zote mbili maana programu haijui ipi ni ipi.