Hapa kuna mkono wa mtu

Taarifa ya Ikulu ikitoka usiku, hapa Dar es Salaam watu wanaisoma mara tatu. Nani katenguliwa na nani kahamishwa, hilo linaisha ndani ya dakika moja. Kinachokesha kwenye magrupu ya WhatsApp ni mstari wa mwisho: imeandikwa kwamba aliyeondolewa "atapangiwa kazi nyingine", au jina lake limeishia hapo tu? Wa kwanza anahesabiwa kuwa bado yumo. Wa pili kaliwa kichwa. Taarifa yenyewe haijasema hayo, na mara nyingi haisemi hata kwa nini mtu kaondolewa.

Wapo wanaouita huu umbea wa watu wasio na kazi. Mimi naona una asili inayoeleweka. Anayetoa habari kwa ubahili asishangae msomaji akijijazia mwenyewe. Isitoshe, sisi wa Pwani tumelelewa kwenye mafumbo. Mtu ananunua khanga kwa ajili ya jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, anaitunza, anaivaa siku atakayopita mbele ya mlengwa, na ujumbe unafika bila mdomo kufunguliwa. Watu waliozoea hivyo hutawaambia waisome taarifa ya serikali kama bei za nyanya.

Na kuna siku usomaji huo umekuwa sahihi kuliko taarifa rasmi. Rais John Magufuli alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Wiki ya pili ya Machi mji ulikuwa unanong'ona. Tarehe 12, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaambia waumini wa Njombe kwamba Rais ni mzima na anachapa kazi. Siku chache baadaye Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akiwa Tanga, akasema ni kawaida kwa mwanadamu kuchunguzwa mafua na homa, kisha akawahimiza Watanzania washikamane. Wasomaji wa mafumbo wakasimama hapo hapo: kama ni mzima, mafua yanatoka wapi? Polisi wakakamata watu kadhaa kwa kusambaza uvumi. Usiku wa tarehe 17 Samia akatangaza kwamba Rais amefariki katika Hospitali ya Mzena, hapa hapa Dar.

Hadithi hii inasimuliwa kila mara kama ushindi wa mitandao, ila nusu yake huachwa. Uvumi ule ule ulisema Rais yuko hospitali Nairobi, halafu ukampeleka India. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tarehe 6, akaruhusiwa kesho yake, akalazwa Mzena tarehe 14. Unaweza kuyatilia shaka maelezo hayo ukitaka, lakini kwa safari ya India hakuna aliyeleta hata tiketi. Watu waligundua kwamba kuna jambo linafichwa. Jambo gani na liko wapi, hapo walibahatisha kama mimi na wewe.

Kwenye burudani sina ugomvi na mtu. Msanii akifuta picha za mpenzi wake Instagram Jumatatu, kijiwe kizima kinajua ni kiki na wimbo uko njiani. Mara nyingi unatoka kweli.

Shida inaanza mahali pengine. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, kabla hata ya maziko mji ulishajaa habari za Freemason. Filamu zake zikarudiwa kutazamwa, safari hii watu wakitafuta alama, rangi na namna alivyoshika vidole. Kesi ikaenda mahakamani, ikaongelea ugomvi wa usiku mmoja nyumbani kwake Sinza, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ikahukumu kuwa ni kuua bila kukusudia. Kwa waliokwisha kuona alama, hukumu hiyo ilikuwa sehemu ya kificho. Pembeni, matapeli wakapata mtaji. Nani hajaona karatasi kwenye nguzo ya umeme, "Jiunge na Freemason upate utajiri", na namba ya simu chini yake? Ukipiga, unaombwa kwanza hela ya fomu. Chama cha siri kinachotafuta wanachama kwenye nguzo za TANESCO! Wakati huo huo Andy Chande, mfanyabiashara wa hapa Dar aliyewahi kuwaongoza Freemason wa Afrika Mashariki, hakuficha kuwa ni mmoja wao hadi alipofariki 2017.

Wenzetu Marekani wana yao. Julai 2020 watu waliona makabati yanauzwa kwenye duka la mtandaoni la Wayfair kwa maelfu ya dola, yamepewa majina ya kike, wakahitimisha kwamba wanaouzwa ni watoto waliopotea. Kampuni ikaeleza kwamba ni makabati ya matumizi ya viwandani na bei ni hiyo. Shirika la Polaris, lililokuwa likiendesha simu ya msaada kwa waathirika wa biashara ya binadamu, likalazimika kusema kwamba wingi wa simu za uvumi huo unawatatiza kuwasaidia wenye shida ya kweli.

Tofauti ya kesi hizi mbili na ile ya Machi 2021 ni rahisi kuiona. Machi ile Rais angetokea kwenye televisheni dakika tano tu, uvumi ungekufa. Kwa Wayfair na Kanumba hakuna kitu ambacho kingeua dhana. Ukikanusha, mbona unajitetea? Ukinyamaza, mbona umenyamaza? Dhana isiyoweza kushindwa kwa ushahidi wowote mimi siiiti uchambuzi, hata ikipata watazamaji laki tano.

Wengine watasema dawa ipo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayofanya kusambaza taarifa za uongo kuwa kosa. Siamini. Waliokamatwa Machi ile walikamatwa kabla ukweli haujatangazwa. Uongo wao ulipimwa kwa mizani gani?

Kinachonipa taabu zaidi ni masoko. Soko Kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021. Oktoba mwaka huo machinga wakaanza kuondolewa barabarani. Tarehe 16 Januari 2022 likaungua soko la Karume, pale Mchikichini. Panga matukio hayo kwa foleni, uone kama hutasema hapa kuna mkono wa mtu. Na mama aliyepoteza mitumba ya mkopo ana kila haki ya kuuliza nani anafaidika na kiwanja kikibaki kitupu. Ila kuna maswali mengine yasiyopata hata share moja: nani aliunganisha umeme wa vibanda vile vya mbao, mlinzi alikuwa upande gani, gari la zimamoto lilipita wapi. Hayo yanataka mtu aende Mchikichini na daftari. Lile la mkono wa mtu halitaki safari. Mwulize anayelishikilia amtaje mhusika, atakutajia yule yule aliyekuwa akimtilia shaka kabla moto haujawaka.