Ufukwe Usio na Gati

Nahodha alisema saa kumi na moja. Alisema mara moja tu, amesimama kwenye maji ya magotini, mkono mmoja umeshika ubavu wa mashua, huku sisi wanne tukiteremka na viatu mikononi. "Saa kumi na moja tunaondoka, wanangu. Maji hayatungoji." Tukaitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza, kisha kila mtu akashika njia yake.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu jioni, mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga mkavu, mkuku uko nje, na bahari tuliyoijia ilikuwa mstari mweupe kwa mbali, huko kwenye mwamba. Jua lilikuwa linazama, mmoja wetu akataka picha, wa pili naye akataka yake, na aliyesema "Nahodha, dakika kumi tu" nilikuwa mimi. Alinitazama, akamtazama baharia wake, akakaa kitako mchangani. Nadhani alijua palepale kwamba kubishana nasi kungechukua muda mrefu kuliko maji yaliyobaki.

"Tumepwelewa," akasema baadaye, bila hasira. Napenda kwamba Kiswahili kina kitenzi kizima cha jambo hili, kana kwamba waliotutangulia walikwama mara nyingi kiasi cha kuchoka kulieleza kwa maneno mengi.

Tuliondoka karibu saa nane usiku. Maoni haya yalizaliwa katika saa zile saba na nusu za kungoja, nayo ni haya: ufukwe unaofikika kwa chombo peke yake usijengewe gati. Najua wengi watanipinga. Mwenzetu mmoja, akipigana na usubi, aliapa kwamba angekuwa na uwezo angejenga gati pale kesho yake asubuhi. Saa tatu usiku nilikuwa upande wake kabisa.

Kwanza nieleze kilichotupata, kwa faida ya asiyezoea bahari. Siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mwandamo, jua, dunia na mwezi hukaa karibu kwenye mstari mmoja, na mivuto ya jua na mwezi huungana. Hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana, na kwa sababu hiyohiyo hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana, na maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mahali pengi maji huchukua saa sita na robo hivi kutoka kujaa hadi kupwa, kisha muda kama huo kurudi. Kila siku mzunguko huchelewa kwa dakika hamsini hivi, ndiyo maana saa nzuri ya jana si saa nzuri ya leo. Tulifika maji yakikaribia kujaa, yakajaa saa kumi. Kuanzia hapo kila dakika tuliyokaa ilikuwa ya mkopo. "Maji yakijaa hupwa," tunasema tukimfariji mtu au tukimtisha, tukasahau kwamba msemo huo kabla ya kuwa msemo ulikuwa taarifa.

Na ufukwe wa namna hii hauna huruma kwa sababu ya umbo lake. Nyuma pana jabali au kichaka kisichopitika. Kama pangepitika, barabara ingeshafika zamani. Mbele pana uwanda wa matumbawe, na katikati yake mlango mmoja mwembamba ambao nahodha anaujua kwa rangi ya maji: buluu nzito pita, kijani kaa chonjo, kahawia geuza. Maji yakiwa mengi unapita juu ya kila kitu bila kujua umepita juu ya nini. Yakiwa machache, unachokiona mbele yako ni meno.

Sasa gati. Gati lingefanya kitu kimoja kikubwa: lingevuka uwanda ule hadi kwenye kina, na chombo kingeweza kufika saa yoyote, bamvua au maji mafu. Watu huliita hilo maendeleo. Kwangu mimi, ni kumwachisha kazi bawabu pekee ambaye ufukwe ulikuwa naye, bawabu asiyelala, asiyepokea kitu kidogo na asiyejali wewe ni nani. Maji yanasema: leo mna saa tatu, kesho mtakuja saa nyingine, na mwenye chombo kikubwa asije kabisa. Hakuna kamati ya watalii inayoweza kupanga ratiba ya haki kuliko hiyo.

Lakini nisijidanganye. Kwa muda mrefu niliamini kwamba bahari peke yake inatosha kuwa ukuta. Kisha fikiria Maya Bay. Ni ghuba ndogo kwenye kisiwa cha Phi Phi Leh huko Thailand, ufukwe wake wa mchanga ni wa mita mia mbili na kitu, umezungukwa na majabali ya chokaa pande karibu zote. Hakuna barabara, na hakuna mji kwenye kisiwa chenyewe. Baada ya filamu moja ya Hollywood iliyotoka mwaka 2000 kuonyesha ghuba hiyo, watu wakaanza kumiminika, hadi maelfu kwa siku, wote kwa boti. Boti zilizokuwa zikitia nanga mle ndani na watu waliokuwa wakikanyaga majini vilimaliza sehemu kubwa ya matumbawe. Juni 2018 serikali ikafunga ghuba, kwanza kwa miezi michache, halafu ikaonekana miezi haitoshi. Ilifunguliwa tena Januari 2022, na kwa masharti: boti haziingii kabisa ghubani, zinashusha watu upande wa nyuma wa kisiwa, na watu wanakuja ufukweni kwa miguu. Idadi ina kikomo, kuogelea kumepigwa marufuku. Katika miaka ile ya ukimya, papa wadogo wa mwambani, wale wenye ncha nyeusi kwenye mapezi, walirudi wenyewe kwenye maji ya kina kifupi. Hakuna aliyewapandikiza. Waliondokewa na watu tu.

Kwa hiyo chombo si kufuli. Chombo kinachosubiri maji ni kufuli. Boti ya mwendo kasi yenye injini mbili na tumbo bapa, inayoteleza juu ya maji ya kiunoni, ni ufunguo bandia. Ndiyo maana nikipata nafasi ya kuchagua nachagua mashua ya polepole, hata kama mgongo wangu hauniungi mkono.

Tena kuna nanga. Hili linaniudhi kuliko takataka, kwa kuwa takataka angalau mtu huona aibu. Tumbawe la aina ya mviringo, lile linalofanana na jiwe kubwa, hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Ukiona lenye kimo cha mtu, lilianza kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Nanga hulivunja kwa muda wa kuitupa, na mnyororo wake huendelea kufagia huku na huku kadiri upepo unavyogeuka, ninyi mkiwa ufukweni mnasifia uzuri wa mahali. Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka mbali: boya moja lililofungwa chini kwa uzito, vyombo vijifunge hapo. Boya si gati. Boya halimwongezi mtu hata mmoja, linampa yule aliyekwishakuja mahali pa kufunga kamba. Nahodha wetu alitia nanga kwenye mchanga, akazamisha kichwa majini kuhakikisha, na hakutuambia alikuwa anafanya nini. Niliuliza mwenyewe.

Mexico nako wana ufukwe uliojificha ndani ya mwamba kwenye visiwa vya Marietas, juu pako wazi kama kisima. Boti inakushusha nje kisha unaogelea ndani kupitia tundu la mwamba. Mwaka 2016 waliufunga kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wingi wa watu, na walipoufungua wakaweka kikomo cha watu 116 kwa siku. Ninaipenda namba hiyo. Si 100, si 150. Namba ya 116 inaonyesha kwamba mtu fulani alikaa chini akapiga hesabu.

Hapa ndipo rafiki yangu, yuleyule wa gati, alinibana. "Wewe umeshafika," alisema, "ndiyo maana unataka mlango ufungwe." Sikuwa na jibu zuri usiku ule, na nililonalo leo si kamili. Ni kweli kwamba kikomo cha watu kikiwekwa, anayebaki nje mara nyingi ni mwenye mfuko mwepesi, na anayekatiwa riziki ni mwenye mashua, siyo mwenye hoteli. Hilo linanisumbua. Zipo fukwe ambazo sifa yake ya "haufikiki ila kwa boti" imegeuzwa kuwa bei, na boti yenyewe ni ya hoteli. Huo si ulinzi wa bahari. Kama kikomo lazima kiwepo, basi nafasi zigawanywe kwa manahodha wa hapohapo, na mwenye pesa akae kwenye foleni kama wengine. Zaidi ya hapo sijui nimwambie nini, isipokuwa kwamba gati lisingemsaidia nahodha wetu hata kidogo. Siku chombo kikubwa kitakapoweza kufunga pale, mashua yake haitakuwa na abiria.

Turudi mchangani. Karibu saa nne usiku maji yalikuwa yamefika mwisho wa kupwa kwake, mwezi uko juu, na uwanda wote wa matumbawe uko wazi, unatoa sauti ndogondogo za kububujika na kugonga, kama jikoni la watu wengi wanaofanya kazi kimyakimya. Nahodha alikuwa amejikunja ndani ya mashua iliyoinama, amelala usingizi wa pono.

Na huyo pono mwenyewe, samaki wa mwambani, anatudai. Tunamtaja kwa usingizi wake tu, na kweli analala: baadhi ya aina zake hujifunika kila usiku kwa utando wa ute kama chandarua. Lakini mchana anatafuna. Mdomo wake ni mgumu kama wa kasuku, anakwangua mwani kwenye matumbawe yaliyokufa, anameza na jiwe, anasaga, na kinachotoka nyuma ni mchanga. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe wa fukwe za tropiki, unaowekwa kwenye matangazo chini ya miguu ya maharusi, ni choo cha pono. Nilitaka kuwaambia wenzangu lakini walikuwa wamelala juu yake, nikaona si ungwana.

Mimi sikulala. Nilitembea mstari wa juu wa maji, pale bamvua inapoacha vitu vyake, na kwa mwanga wa mwezi nikahesabu chupa hadi nikachoka. Ufukwe usio na mtu, usio na njia, na bado vizibo, kamba za nyavu, ndala za mguu mmoja mmoja. Kisiwa cha Henderson katika Pasifiki ya Kusini hakina mkazi hata mmoja, kiko zaidi ya kilomita 5,000 kutoka mji mkubwa wowote, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria fukwe zake zina vipande vya plastiki kama milioni 38. Hakuna nahodha aliyevipeleka. Hapo hoja yangu ya bawabu inapata tundu: maji yanayomzuia mtu hayaizuii chupa yake. Tulijaza mifuko miwili na baharia akaipakia bila kuuliza, naye alishangaa tu kwamba tulianza saa sita usiku.

Kwa anayekwenda, machache. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi kabla ya kuuliza bei, na ukipanga siku yako ipange kwa jibu hilo. Uliza mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya ambalo hukulipanga. Akicheka, tafuta mwingine. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. Badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima kisha kuyaoshea kwenye matumbawe, vaa shati la mikono mirefu. Palau na Hawaii zimeshapiga marufuku baadhi ya kemikali za mafuta hayo. Usiku zima tochi, kwani kasa wadogo wanaotoka kwenye mayai hutafuta bahari kwa kufuata mwanga, na tochi yako inawapoteza. Maji ya kunywa beba mara mbili ya unavyodhani. Sisi tulibeba mara moja.

Kabla ya saa nane mashua ilianza kujitikisa, kwanza upande mmoja, kisha ikasimama wima kana kwamba imeamshwa. Nahodha naye aliamka bila kuitwa. Tulipita mlango wa mwamba polepole, baharia yuko mbele na upondo, mwezi uleule uliotukausha ukituonyesha rangi za maji. Hakuna aliyezungumza hadi tulipofika kwenye kina. Ndipo nahodha akageuka akaniuliza kama dakika kumi zangu zimekwisha.

Picha ya machweo nilikuja kuitazama nyumbani. Kidole changu kimeziba nusu ya jua.