Mwamuzi Hakukosea, Sheria Ndiyo Iliyopinda

Oktoba 2019, mchezo wa sita wa World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, ininga (zamu ya kupiga) ya saba. Trea Turner wa Washington Nationals anagonga mpira hafifu. Brad Peacock, mrushaji wa Houston Astros, anauokota na kuutupa besi ya kwanza, kituo ambacho mpigaji lazima akifikie kabla ya mpira. Mpira unamgonga Turner na kupotea. Mwamuzi Sam Holbrook anamtoa kwa kuingilia mchezo, na Yan Gomes, mwenzake aliyekuwa amesonga mbele, anarudishwa besi ya kwanza. Lawama zote zikamwangukia Holbrook.

Mimi nabisha. Mwamuzi hapo hatazami mpira, anatazama miguu. Kutoka besi ya nyumbani, anapopigia mpigaji, hadi ya kwanza ni futi 90, na katika zile 45 za mwisho mkimbiaji ana njia yake yenye upana wa futi 3, upande wa nje wa mstari wa faulo, yaani mpaka wa eneo la mchezo. Kukanyaga mstari si kosa. Miguu yote miwili ikae humo, isipokuwa hatua ya mwisho ya kugusa besi. Ukitoka na kumsumbua anayepokea mpira, unatolewa, hata kama hukukusudia. Mpira ukitupwa hovyo, usioweza kudakwa na mtu yeyote, hakuna kosa. Turner alikimbia upande wa ndani wa mstari, nje ya njia hiyo, mwanzo hadi mwisho.

Ila alikuwa na haki ya kukasirika. Mpigaji wa mkono wa kulia husimama upande wa besi ya tatu, kwa hiyo njia yake iliyonyooka hupita ndani ya uwanja. Na besi ya kwanza yenyewe imekaa ndani ya mstari! Sheria ilimtaka atoke nje, kisha arudi ndani kwa hatua moja akiwa kasi ya mwisho. Ajabu ni kwamba sheria hiyo ilidumu muda mrefu.

Ligi Kuu ya Marekani iliirekebisha 2024: sasa njia inajumuisha udongo wa ndani ya mstari mpaka ukingo wa nyasi, inchi 18 hadi 24. Ni nafuu, lakini softiboli, mchezo ndugu wa besiboli, walishapata dawa bora zaidi, besi pacha: nusu nyeupe ndani kwa anayepokea mpira, nusu ya rangi nje kwa mkimbiaji. Hakuna anayemkanyaga mwenzake kifundo cha mguu, na mwamuzi anabaki na kazi ndogo. Kwenye besiboli ya kulipwa, anayekata kupitia nyasi na kumsumbua mpokeaji bado anatolewa.