LibreOffice inaonewa: Office ya kuweka kwenye kompyuta mpya ya nyumbani

Kompyuta mpya ikishafika nyumbani swali linakuwa Office tunaweka ipi, na jibu la mtaani ni moja, mpelekee fundi akuwekee. Fundi anaweka ile iliyochakachuliwa, unampa hela yake, biashara imeisha. Ukimtajia LibreOffice, programu ya bure ya kazi zilezile za Word na Excel, anakwambia hiyo inavuruga dokumenti, achana nayo. Hapo ndo naona tunaionea hii programu, kwa sababu tunaipima na Word ya kulipia ambayo wengi wetu hatunaga, wakati majumbani kwetu inashindana na hiyo Office ya fundi.

Na hiyo Office ya fundi ina bei yake. Vile viprogramu vya kuidanganya Microsoft kwamba umeshalipia, kama KMSPico, mara nyingi vinakutaka kwanza uzime antivairasi ndo vifanye kazi, yaani mlinzi anaambiwa aondoke getini halafu ndo mgeni aingie. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi KMSPico feki ilivyokuwa inasambazwa ikiwa na CryptBot ndani, kirusi kinachoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza na pochi za kripto. Kwenye kompyuta ya nyumbani nywila ni za kila mtu, imeili ya baba, akaunti ya benki ya mama, mtoto anayeomba mkopo wa chuo, wote wanatumia mashine moja.

Sasa hilo la kuvuruga. Lipo, silikatai, ila watu wengi hawajui linatoka wapi. Mara nyingi ni fonti, yaani muundo wa herufi. Tangu 2007 Word ilikuwa inaandika kwa Calibri, na Calibri inakuja na Windows yenyewe, kwa hiyo LibreOffice ikiwa ndani ya Windows inaikuta pale pale na kuitumia. Ukiwa kwenye Linux, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, haipo, ila LibreOffice inakuja na Carlito, fonti iliyochorwa makusudi kila herufi iwe na upana sawa na ya Calibri ili mstari ukatike palepale na ukurasa uishie palepale, Cambria nayo ina pacha wake anaitwa Caladea, na Times New Roman na Arial zina Liberation ambazo kampuni ya Red Hat ilizitoa 2007. Barua ya kawaida, ripoti ya kikoba, mtihani wa mwalimu, vinafunguka bila shida.

Shida mpya ni Aptos. Kuanzia 2023 Microsoft wameifanya ndo fonti inayokuja yenyewe ukifungua ukurasa mpya kwenye Microsoft 365, ile Office ya kulipia kila mwezi au mwaka, na hii haiji na Windows wala haina pacha ndani ya LibreOffice, kwa hiyo kompyuta inaweka fonti nyingine yoyote iliyo karibu, herufi zinanenepa au kukonda kidogo, CV ya kurasa mbili inamwaga mistari mitatu ukurasa wa tatu, jedwali linashuka, sahihi inabaki peke yake. Lakini chukua dokumenti hiyohiyo ya Aptos kaifungue kwenye Word 2010 ya pale steshenari. Nayo haina Aptos, nayo itaweka nyingine, na mistari itahama vilevile. Hiyo ni Word na Word! Ikitokea hivyo tunasema tu "vesheni zimetofautiana" tunarekebisha tunaprinti, ikitokea kwenye LibreOffice inakuwa ushahidi kwamba cha bure ni cha bure. Sio haki. Na dawa ya pande zote mbili ni moja, kama dokumenti ni ya kusomwa au kuprintiwa tuma PDF, LibreOffice ina kitufe chake pale juu kabisa.

Wanaoikataa wana hoja zao pia, na nyingine nzito. Mhasibu mwenye Excel zenye makro za kazini, zile amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili, asijidanganye, LibreOffice inaziendesha baadhi tu na ile moja inayogoma ndo itakuwa ya mishahara. Anayebadilishana rasimu na bosi kila siku, au mwenye CV ya maboksi na michoro ya SmartArt, atapata tabu. Huyo kama kazi inamlipa anunue leseni, au atumie Word ya bure ya kwenye brauza, inakupa GB 5 za kuhifadhi, Google Docs GB 15 unazogawana na Gmail. Zote nzuri tu ila zinakula bando, na intaneti ikikatika usiku wa kuamkia dedilaini utajuta. WPS ya Wachina wa Kingsoft inafanana sana na Word, watu wanaipenda, ila ya bure kila ukigusa kitu kizuri inakuomba ulipie. ONLYOFFICE, nayo ya bure, kwa kutunza mpangilio wa faili za Word naipa heshima yake, kama macho yako yamezoea Word jaribu hiyo.

Ila mimi bado naiweka LibreOffice mbele, na sababu moja ni ya kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, Office ya bure ya enzi hizo, yenye menyu za Kiswahili, kazi ambayo iliwezekana kwa sababu programu ilikuwa wazi na hakuna wa kuombwa ruhusa. LibreOffice ilizaliwa 2010 kutoka kwenye hiyohiyo OpenOffice na mpaka leo ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, wakati wa kuinstoli chagua kwa mkono uitiki, maana mtoto akiandika insha halafu kila neno lina mstari mwekundu anaanza kuamini lugha yake ndo yenye makosa.

Mkiamua kuiweka, msichukue Apache OpenOffice kwa kuzoea jina, hiyo inafungua docx, aina ya faili la Word, lakini haiwezi kuhifadhi kwa docx. Na LibreOffice ikishakaa ingieni kwenye mipangilio muiambie ihifadhi kwa docx moja kwa moja, bila hivyo itatoa odt, aina yake yenyewe ya faili, na mtu uliyemtumia kwa WhatsApp atakwambia faili halifunguki kwenye simu yake.