Saba ya Mchezaji au Saba ya Mpira?

Najua wengi wenu mmeshaisikia ile sauti ya dakika mbili inayozunguka kwenye magrupu, eti mie refa nilizirai katikati ya mechi ya kikapu nikabebwa. Sasa nisikilizeni na mie. Kwanza, sikuzirai. Pili, hakuna aliyenibeba; niliinuka mwenyewe, ingawa kwa awamu. Na huyo anayeisambaza, ambaye siku hiyo ndiye aliyekaa mezani kuandika pointi, namdai elfu kumi yangu tangu mwezi wa Ramadhani. Ushahidi wake upimeni hivyo hivyo.

Jumamosi, saa tisa, jua la Tanga mnalijua. Mechi mbili za kikapu za sekondari na refa ni mie peke yangu, mwenzangu alipigwa na homa ghafla asubuhi (homa yenyewe ilionekana jioni inakula pweza). Wakaanza wavulana. Hapo nilikuwa refa mkali wa kutopuliza. Mtu kala kiwiko, ananitazama, namwambia "cheza!" Mtu kasukumwa mpaka kwenye baiskeli za watazamaji, "cheza!"

Wakaingia wasichana, huruma ikanipanda kichwani. Bega limegusa bega, priii. Nywele zimepepea, priii. Mmoja kapokonya mpira kisafi kabisa, nikapuliza, na yule aliyepokonywa, niliyekuwa namtetea, akanijia: "Mwalimu, hajanigusa."

"Nimeona mwenyewe."

"Hajanigusa, mwalimu. Na sie si mayai."

Mama muuza mihogo nyuma ya ringi alicheka mpaka akaacha kugeuza mihogo.

Halafu ile mitupo huru niliyokuwa nawagawia kama sadaka ya Ijumaa, haiingii. Mpira unakwenda vizuri, ukikaribia ringi unakata tamaa, unashuka. Nikamnong'oneza wa mezani: "Watoto wa kike, mikono laini." Sentensi hiyo ikumbukeni. Yeye kaikumbuka neno kwa neno.

Robo ya pili. Namba 7 wa jezi za njano kaweka skrini, yaani kajifanya ukuta kumfungulia mwenzake njia: kasimama, miguu kaikita, mikono kaikunja kifuani, katulia kama nguzo ya umeme. Halali kabisa. Mie nakuja kinyumenyume, macho yangu yote kwa mwenye mpira.

Mgongo wangu ukakuta kitu kisichosogea. Kiwiliwili kikasimama, miguu ikaendelea na safari. Nikaona ringi. Nikaona mnazi. Nikaona kiatu changu cha kushoto kinapita juu yangu taratibu, soli inachungulia, nikakumbuka kwamba nilipaswa kuipeleka kwa fundi. Kisha saruji ya moto ikanipokea. Na pale pale chali, filimbi bado mdomoni, pumzi zote zilizonitoka zikapitia humo: PRIIIIII! Mkono wa kulia, bila kuniuliza, ukapanda juu na ngumi. Faulo!

Uwanja kimya. Mpira umeachwa, unadunda wenyewe, du, du, du, mpaka mezani.

"Faulo ya nani?"

Akili ilikuwa bado njiani, lakini mikono ilishasoma kitabu cha sheria. Vidole vitano. Vidole viwili. Namba 7. Ndiyo, nilimwandikia faulo mtoto aliyesimama, kwa kosa la kuangukiwa na mie.

Rafiki yangu wa mezani akaokota mpira. Akaugeuza. Akautazama, akanitazama, kisha kwa sauti ya mpiga debe wa stendi: "Mwalimu, saba ya mchezaji au saba ya mpira?"

Kwa msiocheza, nieleze nikiwa bado nimelala. Ringi ni mita 3.05 kwa wote. Faulo tano unatoka, wote. Kugusana kunahukumiwa sawa, wote. Cha kubadilisha ni mpira: wavulana namba 7, unaoanzia gramu 580, wasichana namba 6, mdogo zaidi na haufiki hata gramu 570. Kitu kimoja tu cha kubadilisha! Mie nikabadilisha filimbi, nikasahau mpira. Ule wa namba 6 ulikuwa kwenye begi langu, chini ya taulo, umepumzika.

"We mwanangu," yule mama wa mihogo akauliza, "umekuja kuchezesha ama kucheza?"

Mengine ni mafupi. Faulo ilifutwa, makocha wakakubaliana pointi zibaki, mpira ukabadilishwa, nahodha aliyesema si mayai akarusha kutoka mbali na ukazama bila kugusa chuma. Akanitazama tu. Namba 7 ndiye aliyeniletea kiatu: "Shikamoo, mwalimu." Ile shikamoo iliuma kuliko saruji.

Jana alfajiri nimepita Ngamiani, hapa hapa Tanga, kununua mahamri. Muuzaji, ambaye simjui na hanijui, kanikazia macho, kanyanyua vidole vitano, kisha viwili.

"Nikufungie saba, mwalimu, au sita?"

Nikachukua manne.